Bunduki ya Ejo

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na hayakunipata usiku, kama wanavyopenda kusema wale wa kutishia watoto. Yalinipata mchana kweupe, siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini na jua la Rumonge likiwa utosini. Sikuwa na homa. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nachambua ndagala za mchana, mikono inanuka samaki, na mtu mwenye mikono inayonuka samaki haoti ndoto. Mimi nimeuza mawese sokoni tangu ujana wangu, nimegombana na wachuuzi wa kila namna, sidanganyiki upesi. Niamini au usiniamini, hiyo ni shauri yako, lakini usije ukaniambia kwamba niliota.

Zilikuwa wiki zile za Uhuru. Watu walikuwa wameshona nguo mpya, wengine wamechinja, na wazungu wa hapa na pale wanafungasha. Palikuwa na Mgiriki mmoja mwenye duka la vitambaa na chumvi, naye alikuwa anauza kila kitu: vitanda, viti, santuri, mpaka ndoo. Miongoni mwa vitu vyake zilikuwamo bunduki mbili fupi.

Ramadhani, mume wangu, alizitaka. Nami sikumzuia, maana hata mimi nilitaka tuwe na bunduki nyumbani. Shamba letu la mahindi na viazi lilikuwa karibu na mdomo wa mto, na viboko walikuwa wakitoka ziwani jioni kuja kula kama wamelipanda wao. Ramadhani alilala kwenye kibanda cha shamba akigonga madebe. Msimu uliotangulia kiboko alimkanyaga jirani yetu wa shamba, na tulichokizika tulikikusanya. Tangu siku hiyo mume wangu akitoka na madebe yake nilikuwa nakaa macho mpaka arudi. Kwa hiyo nilimwambia, kamwone Mgiriki.

Mgiriki akampa zote mbili azijaribu nyumbani, akamwambia, "Moja unachukua, ingine unanirudishia Ijumaa." Zilikuwa bunduki ambazo sijaziona tena. Chini yake zina mkono wa chuma, unaushusha na kuupandisha, krak-krak, na risasi inaingia mahali pake. Tena risasi zenyewe si za bunduki, ni za bastola, nene na fupi. Mgiriki alikuwa na bastola inayokula risasi hizo hizo, ndiyo sababu ya kununua aina ile: sanduku moja la risasi linatosha silaha zote za nyumba. Majirani walikuja kutazama wakasema risasi ya bastola kwa kiboko ni sawa na kumpiga na embe bichi. Ramadhani akajibu kwamba hataki kumla kiboko, anataka akimbie.

Zilifanana sana. Moja ilikuwa ya Amerika, imechongwa jogoo mdogo kwenye chuma, karibu na nyundo. Ya pili ilikuwa ya Uhispania, wameitengeneza kwa kuiga ile ya kwanza, nayo imechongwa nyota. Ukiziba zile alama na kidole, hata wewe usingejua ipi ni ipi. Sisi tuliziita Jogoo na Nyota. Tabia zao, hata hivyo, zilikuwa mbali. Jogoo mkono wake laini, lakini ilikuwa inapiga kushoto. Ramadhani alilenga debe akapiga ukuta wa choo. Nyota ilipiga pale pale ulipolenga. Ila nyundo yake ilikuwa mbovu: ukiiacha nusu njia kisha kitako kikagonga kitu, inalia yenyewe. Tuliligundua hilo Ramadhani alipoisimamisha chini kwa kishindo mbele ya watu, ajionyeshe. Ikalia. Papai likadondoka kutoka mtini, na mume wangu akaketi chini bila kupenda. Watu walicheka mpaka jioni.

Pamoja na hayo, Nyota ndiyo iliyomwingia moyoni. Nilimwambia achukue Jogoo. Akanijibu, "Mama Hadija, jogoo la shamba haliwiki mjini." Nikamwambia, "Basi bahati nzuri, sisi tunaitaka ya shamba." Akasema, "Nyota njema huonekana asubuhi." Nikamwambia asubuhi hii nimeona papai tu. Ndivyo tulivyoishi, mimi na yeye, kwa kurushiana maneno, na hatukuwa na ubaya.

Ijumaa ikafika. Ramadhani akaoga, akavaa kanzu, akaziacha bunduki mbili juu ya mkeka sebuleni, akaniambia nisiziguse, akirudi atachagua. Hadija, binti yetu, alikuwa kwa bibi yake. Mtaa ulikuwa kimya. Ng'ambo ya njia Bi Zaituni alikuwa amekaa kibarazani kwake akivunja mbegu za mawese kwa jiwe, ko, ko, ko, na hiyo ndiyo sauti peke yake iliyokuwapo.

Nikainua kichwa, mtu amesimama mlangoni.

Alikuwa mwanaume wa makamo, mrefu, mwembamba, amevaa koti la kizungu kuukuu. Koti limeloa. Si jasho, limeloa maji ya mtu aliyetoka ziwani na nguo zake. Kiangazi kilikuwa kimekaza, vumbi mpaka kwenye kope, mtu huyu akatoe wapi maji yale? Yalikuwa yanadondoka kwenye pindo la koti, naliona tone, nalifuata kwa macho mpaka chini, na chini pakavu. Tone linaanguka, sakafu haipati maji. Nilitazama mara ya pili, nikatazama tena. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kola ya koti shingoni, ameikaza, na muda wote aliosimama pale hakuiachia.

"Amahoro, mama," akasema.

"Amahoro. Baba wa hapa iko kwenye musikiti. Ungoje kidogo, anarudi."

Alikuwa anazitazama bunduki. Akainama, bila kugusa, akanyoosha kidole kwenye ile yenye nyota.

"Hii iko ya kuniua ejo," akasema. "Ile ingine, hapana. Mama, usiache anachukua hii."

Alisema polepole, kwa upole, kama mtu anayekuonyesha njia. Kisha akashika kifungo cha katikati cha lile koti. Vifungo vingine vilikuwa vya kahawia, hicho kimoja kilikuwa chekundu, cha nguo ya mtoto.

"Murakoze kwa kifungo," akanishukuru.

Nilitaka kumuuliza kifungo gani. Nilishusha macho kuweka sinia la ndagala chini, nikayainua, hayupo. Nikatoka mbio mpaka njiani. Njia nyeupe, tupu, huku na huku. Bi Zaituni alikuwa pale pale na jiwe lake.

"Bi Zaituni, yule mwanaume amepita wapi?"

"Mwanaume gani? Leo Ijumaa. Hata mbwa hajapita hapa."

Nikaketi pale pale njiani, kwenye vumbi.

Ramadhani aliporudi nilimsimulia kila neno. Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo tulipopotea sote. *Ejo*, kwa Kirundi, ni jana. Ndivyo nilivyosikia mimi, ndivyo alivyosikia Ramadhani, ndivyo walivyosikia majirani waliokuja kunipepea. Mtu amesimama mbele yako kama maiti, anakwambia bunduki hii ya kumuua ejo, utaelewa nini? Utaelewa kwamba ameuawa jana. Basi Ramadhani akazunguka kuulizia: jana nani kauawa kwa bunduki? Akauliza kwa Mgiriki, akauliza sokoni, akauliza gatini kwa wavuvi. Hakuna. Jana Rumonge hakufa hata paka. Tena bunduki zenyewe jana zilikuwa kwetu, zimelala juu ya mkeka.

Akarudi anacheka. "Mzimu wako mwongo. Na kile kifungo anachokushukuru, labda ulimpa cha jela?" Majirani wakacheka naye. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Baba Hadija, ukiingiza Nyota ndani ya nyumba hii, mimi nachukua mwanangu, naenda Nyanza-Lac kwa baba yangu. Chagua bunduki au chagua mke."

Alinitazama akaona sitanii. Akazibeba zote mbili akaenda kwa Mgiriki. Jioni akarudi na moja. Alikuwa ameshaifunga ukanda wa ngozi, umezungushwa kuanzia kwenye shingo ya kitako mpaka juu ya chuma karibu na nyundo. Alisema chuma kikipata jua kinaunguza mkono.

"Nimechukua Jogoo," akasema. "Umeridhika?"

Niliridhika. Nilimpikia kuku siku hiyo, nikamtania kwamba anakula ndugu wa bunduki yake.

Miaka ikapita. Bunduki ilikaa stoo, juu kwenye boriti, imefungwa gunia, na risasi ndani, tayari kwa viboko. Akienda shambani aliichukua, akipiga mara moja viboko wanarudi majini. Haikuwahi kumdhuru mtu. Nilipoisikia ikilia kwa mbali nilikuwa nasema, Jogoo amewika, na moyo wangu unatulia. Hadija akaolewa Uvira. Yule mtu wa mlangoni nilimfikiria kila ninapoanika nguo zikadondosha maji, lakini kadiri miaka ilivyopita nikaanza kujiambia kwamba yalikwisha. Tulionywa, tukasikia.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili.

Waliokuwapo Rumonge mwaka ule wanajua, na ambao hawakuwapo sitawaeleza kila kitu, kwa sababu kuna mambo ukiyasema chakula hakipiti. Walianza kuja watu wa mapanga. Kisha yakaja malori na watu wa sare. Watu waliokuwa wakinunua mawese kwangu Jumatatu, Jumatano hawapo, na huthubutu kuuliza wamekwenda wapi. Mvua ilikuwa ya masika, kila siku, na ilitusaidia kwa kitu kimoja tu, ilikuwa inaosha njia.

Ijumaa moja ya siku zile, alfajiri, nilitoka uani kwenda chooni. Nyuma ya mapipa ya mawese kulikuwa na mtu amejikunyata. Mrefu, mwembamba, koti limeloa.

Alinyanyua viganja. "Mama, kwa Mungu, usipige kelele. Mi naitwa Gaspari. Mi mutu wa Gitaza, nilileta ndagala kwa soko. Siku mbili niko ndani ya matete, ndani ya maji. Bananitafuta."

Nilimtazama uso. Nadhani nilimjua, lakini ungekuwa wewe ungeapa? Ni miaka kumi. Yule wa kwanza nilimwona kwa muda wa kupumua mara chache tu. Nilitafuta kile kifungo chekundu. Hakikuwapo. Vifungo vyote vya kahawia, na pale katikati hapana kitu, uzi unaning'inia. Nikajiambia, siye. Makoti ya kizungu yamejaa ziwa zima.

Nikamwingiza stoo, nikamlaza nyuma ya magunia ya chumvi. Ramadhani alipomwona alibadilika rangi. Aliniambia kwa kunong'ona, "Mama Hadija, wakimkuta humu watatumaliza sote." Nikamwambia, "Basi nenda kamtoe wewe, umsukume njiani, nikuone." Hakwenda. Alikuwa mwoga wa mambo mengi, mume wangu, lakini hakuwa na roho ya kumtoa mtu afe.

Gaspari alikula ugali wa baridi, akatushukuru kwa kila tonge. Alituambia ana mama yake kule Gitaza, mzee, anakausha ndagala mchangani, na kwamba atakuwa anamngoja. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, naye koti hakutaka kulivua, alisema ndilo blanketi lake. Lakini pale katikati lilikuwa wazi na upepo unaingia. Nikaona aibu kumwacha hivyo. Nikaenda kuchukua kopo langu la vifungo, nikapekua. Kilichoingia kwenye tundu lile kilikuwa kimoja tu, cha gauni la zamani la Hadija. Nikakishona hapo hapo kifuani kwake, nikainama, nikakata uzi kwa meno, nikarudi nyuma kukitazama.

Kifungo chekundu.

Niseme nini? Gaspari aliinamisha kichwa akakigusa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alipoingia. "Murakoze kwa kifungo, mama," akasema.

Kirundi kina neno moja kwa siku mbili. Ejo ni jana, ndiyo. Lakini ejo ni kesho pia. Warundi wakitaka kutenganisha husema *ejo hahise*, iliyopita, au *ejo hazaza*, ile inayokuja. Yule mtu wa mlangoni hakutenganisha, nasi tuliozaliwa ndani ya neno hilo, tunaolisema toka asubuhi mpaka jioni, hatukumuuliza. Tulikwenda kumtafuta maiti wa jana, na aliyekuwa anatuambia alikuwa wa kesho.

Nilimvuta Ramadhani uani kwenye mvua. Nikamwambia, ni yeye. Ndiye yule. Nyota ndiyo itakayomuua. Nakumbuka nilivyosema, kwa sababu nililia kwa furaha niliposema: "Alhamdulillahi hatukuichukua. Nyota haipo hapa. Akikaa kwetu hafi." Ukweli ndivyo nilivyoamini. Niliona Mungu amenipa mtu huyu mkononi, ameniambia tangu zamani, huyu utamwokoa wewe. Ramadhani aligeuka akatazama mlango wa stoo. Maji ya mvua yalikuwa yanamtiririka usoni na hakuyafuta. Nilidhani ni hofu.

Karibu na adhuhuri Bi Zaituni alipita mbio, hakusimama, alisema tu kwenye ukuta, "Wanapekua bunduki. Wako nyumba ya kona."

Hakuna Ijumaa iliyosaliwa siku ile. Ilikuwa saa ile ile, mtaa kimya, ila badala ya jiwe la Bi Zaituni zilisikika buti na milango. Bunduki ndani ya nyumba wakati ule ilikuwa kifo cha nyumba nzima, hata uwe na kibali cha nani. Ramadhani alisema itupwe chooni. Tukaingia stoo. Alipanda juu ya pipa kuifikia boriti, akateleza, akashuka.

Gaspari akainuka kutoka nyuma ya magunia. "Baba, niache mi nashusha. Mi niko murefu."

"Usiguse!" nikapiga kelele, kelele ya chinichini. Wote wawili wakasimama. Nikamgeukia mume wangu, nikamshika kanzu kifuani. Nikamuuliza, na nakuapia nilimuuliza waziwazi, uso kwa uso: "Baba Hadija, hii ni Jogoo?"

Akaniangalia.

"Ni Jogoo," akasema.

"Sema wallahi."

"Nimekwambia Jogoo! Wanakuja, mwanamke!"

Nikaachia kanzu yake. Nikamwambia Gaspari, "Haya, baba, shusha. Hiyo haina neno."

Alinyoosha mkono mmoja tu, mrefu kweli, akavuta gunia, akaishika kwa mtutu. Aliishusha taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeshusha kitu cha watu. Kitako kikagonga mdomo wa pipa. Kidogo tu. Ko.

Ikalia.

Ilimpata shingoni. Alipeleka mkono wa kushoto, akaikamata kola ya koti, akaikaza, na akanitazama mimi. Hakumtazama Ramadhani, alinitazama mimi. Hakuonyesha chuki, na hilo ndilo lililonimaliza, alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Kisha akaketi, kisha akalala.

Wiki ile mlio wa risasi haukuwa habari. Wale wa buti walipita, sijui kwa nini, labda walidhani mwenzao keshafika kwetu. Hatukujua hilo, tuliketi pale tukingoja mlango uvunjwe, na haukuvunjwa. Nilipoona kimya nikaichukua ile bunduki. Ukanda wa ngozi ulikuwa umegandamana na mafuta ya miaka kumi. Niliukata kwa kisu nilichokatia ugali wa Gaspari, nikaubandua, nikafuta chuma kwa khanga.

Nyota.

Ramadhani alikaa juu ya gunia la chumvi na mikono imening'inia. Baadaye sana, giza limeshaingia na tumeshamaliza kumfukia nyuma ya stoo, ndipo aliponieleza. Kwamba Jogoo ilikuwa inapiga kushoto. Kwamba alimpelekea Nyota fundi mmoja, akamkwangulia nyundo, na fundi akasema imepona. Kwamba miaka kumi haikufanya kosa. Kwamba mwanaume hachaguliwi bunduki na mzimu wa mkewe. "Nilitaka kukwambia," akasema, "kila mwaka nilitaka kukwambia." Na pale stoo, nilipomuuliza? "Ningekwambiaje pale, wako nyumba ya tatu?" Hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Bunduki tuliitupa chooni. Gaspari tulimzika na koti lake na kifungo cha Hadija.

Niliishi na Ramadhani mpaka alipokufa. Niliendelea kumpikia na kumfulia. Kurushiana maneno tuliacha siku ile, hatukurudia, na watu wakatusifu kwa ndoa ya utulivu. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya nyumba ile neno lolote analoniambia mume wangu, hata akisema mvua inanyesha, nilikuwa natoka nje kuhakikisha.

Barabara zilipofunguka nilipanda gari la kwenda Bujumbura, nikashuka Gitaza. Sikutaka mama yake angoje bure. Nilimpata bila shida, kikongwe mdogo, ameinama juu ya ndagala zilizoanikwa mchangani, anazigeuza. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Rumonge. Nikamsalimu, nikamuuliza kama ndiye mama wa Gaspari. Akanyoosha mgongo akanichekea, meno yake mawili.

"Gaspari? Anakuja ejo," akasema.

Nikadhani anangoja. Nikafungua mdomo nimwambie. Akaendelea, huku anapangusa mikono:

"Koti yote maji. Mi naambia yeye, vua, anakataa. Anaonyesha tu kifungo yake, anasema, mama ya Rumonge ananishonea. Nyekundu." Akanitazama vizuri. "Ni weye?"

Nikasema ni mimi. Akanishika mikono yangu miwili, akanishukuru, akaniwekea ndagala kwenye jani, za bure. Nilirudi Rumonge na zile ndagala mapajani, sikumwambia kwamba mwanawe amekufa. Na lile nililotakiwa kumuuliza sikumuuliza tena, kwa mara ya pili maishani mwangu: ejo ipi, mama? Iliyopita au inayokuja?

Wewe uliyenisikiliza, chukua hili, hata kama mengine yote utayatupa. Mtu akikujia na onyo, usizunguke mji kuuliza kama ni kweli. Muulize yeye, hapo hapo, anasema siku gani. Na ukishachagua kitu kinyume cha ulivyoombwa, kiseme. Kiseme siku hiyo hiyo, ugombezwe, yaishe. Usikifunge ngozi ukakiweka juu ya boriti, kwa sababu ipo siku atakuja mtu mwema, mrefu, atanyoosha mkono akushushie.

Mimi Ijumaa mchana sifungi mlango. Lile kopo la vifungo nimeliweka karibu.